Samaki wapya wakifa, mama yangu ataitwa mchawi

Admin, nifichie jina na shule ninayofundisha, maana wazazi wa wanafunzi wangu wanaufuata ukurasa huu na husoma mpaka komenti. Nina miaka 36, ni mwalimu wa shule ya msingi, tunaishi Pasiansi hapa Mwanza na watoto wetu wawili. Jambo hili limenikosesha hamu ya kula, na sina wa kumwambia nyumbani kwangu.

Mume wangu ni msimamizi wa usafi kwenye kiwanda cha samaki. Kule meza, visu, mpaka mabuti, kila kitu kinaoshwa kwa klorini, na tabia hiyo amekuja nayo nyumbani. Sikuwahi kulalamika, wanaume wangapi wanasugua sinki bila kuambiwa? Mwaka huu akanunua tangi kubwa la kioo la kufugia samaki, tukaliweka sebuleni. Nikaanza kusoma mtandaoni, nikaona kumbe tangi jipya haliwekwi samaki papo hapo. Uchafu wa samaki unatoa sumu, na sumu hiyo inaliwa na bakteria wanaojijenga taratibu ndani ya chujio. Unawasha chujio, unatia chakula kidogo kioze humo, unasubiri hata zaidi ya mwezi, ndipo samaki waingie. Nikamshauri tununue chujio la sponji tu, lile la pampu ya hewa, ambalo unalikamua kidogo kwenye maji yale yale ya tangi na kulirudisha. Yeye akachukua la boksi la kuning'inia kwa sababu linachomolewa lote na kuoshwa. Nilipomwambia habari ya kusubiri akacheka sana, akasema hajasikia samaki anayehitaji maji machafu. Wiki hiyo hiyo akaleta furu, wale samaki wadogo wa rangi, kutoka ziwani.

Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kutoka kijijini kutibiwa macho. Ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi na anaona kwa shida, lakini wale furu wa njano na buluu aliwaona. Akawa anavuta kiti asubuhi, anakaa mbele ya kioo na kuwasemesha kwa Kisukuma. Nilifurahi mno, kwa sababu tangu baba afariki sikuwa nimemsikia akiongea hivyo.

Furu wakaanza kufa. Walipanda juu wanahema, kesho yake wanaelea. Mume wangu akamwaga maji yote, akaosha chujio kwa klorini ya kazini, akaleta wengine. Nao wakafa. Kila Jumamosi anaosha lile chujio mpaka linang'aa, na kila akiosha anawaua wale bakteria upya. Nimemweleza kwa upole, nimemweleza kwa hasira, nimemwonyesha hata video. Anasema kazi yake ni usafi, nisimfundishe.

Kisha akaja wifi, dada yake mkubwa, kututembelea. Alikaa siku chache tu, akawa anamtazama mama pale kwenye kiti. Siku moja mezani, mama akiwa chumbani, akauliza kwa nini samaki wanakufa tangu huyu mgeni aingie, na yale macho yamekuwa hivyo tangu lini. Ninyi mliozaliwa huku kwetu mnajua swali la macho mekundu linaelekea wapi: kwenye uchawi. Nikajitetea kwa haraka, nikaeleza habari ya bakteria, kwamba kuna viumbe visivyoonekana kwa macho vinavyolinda wale samaki. Wifi akamgeukia mume wangu, akasema taratibu:

"Umemsikia mwenyewe? Anavijua."

Tangu siku hiyo watoto wanaitwa chumbani kila bibi yao akikaa sebuleni. Chai anayochemsha haimalizwi. Mume wangu hagombani na mimi, na hilo ndilo linalonitisha, maana ni mtu wa kugomba.

Wiki hii ameniambia walichopanga. Jumamosi ataosha tangi na chujio. Jumapili ndugu zake watakuja na samaki wapya, mama atakalishwa pale mbele wote wakiona, halafu watasubiri. Samaki wakipona, yameisha. Wakifa, atapelekwa kwa mganga. Nikamwambia watakufa hata akikalishwa mchungaji.

"Mama watoto," akanijibu, "kama mama yako ni mzima, unaogopa nini?"

Nimefikiria kumrudisha kijijini kabla ya Jumapili. Nikampigia kaka yangu, akasema nisithubutu, wifi ameshawapigia watu wa huko simu na maneno yamefika mbele yetu. Kijiji hicho nakikumbuka vizuri. Kuna bibi jirani yetu alianza kusemwa hivi hivi, kwa utani utani, na sote tulihudhuria mazishi yake bila kuuliza chochote. Nikiondoka naye kwenda kupanga chumba Mkuyuni, mume wangu amesema huko ni kukiri, na watoto hawatatoka getini. Nimefikiria pia kupunguza na kuongeza maji kila siku ili samaki wasife, lakini wifi anarudi kukaa hapa kulinda tangi. Akinikuta na ndoo na mimi nitaunganishwa humo.

Mama hajui lolote. Ameambiwa wageni wanakuja Jumapili na wamesema akae nao karibu na samaki. Leo ameniomba nimpigie pasi gauni lake la kanisani, anasema hakujua ukweni kwangu wanampenda hivi. Nimelipiga pasi, liko hapa mlangoni nalitazama. Ndugu zangu, ingekuwa mama yenu, mngefanya nini kabla ya Jumapili?