Paa Bapa la Nyasani

Nyasani aliporudi kijijini kwao Nyansiongo mwaka wa 1966, alirudi na nyumba nzima kichwani, na mkewe Bonareri akaipenda kabla hata ya kuielewa. Nairobi alikuwa msimamizi wa mafundi, akiwajengea wasanifu wa Kizungu maghorofa ya zege na vioo. Huko ndiko alikojifunza kuwa jengo la kisasa halijirembi: ukuta ni ukuta, nguzo ni nguzo, na paa hulala bapa kama meza.

"Nyumba zetu zimejikunyata kama kuku walionyeshewa," alimwambia mkewe. "Nitakujengea itakayosimama wima."

Mahali alipopataka palikuwa na msonge wa mama yake, Nyamusi, ambao bibi huyo aliukandika udongo kwa mikono yake walipogawiwa kipande cha shamba la mlowezi wa Kizungu.

"Jenga pale chini, mwanangu," Nyamusi alisema. "Hapa mimi nimeshapazoea."

"Mama, utapata chumba chenye dirisha la ukuta mzima!"

Msonge ukabomolewa. Bonareri alibeba matandiko ya mama mkwe wake bila kumtetea. Alikuwa akiyataka hayo madirisha.

Nyumba ilipokamilika, baada ya ibada ya Sabato watu walikuja kuiona. Ilikuwa nyeupe, imeinuliwa juu ya nguzo, na mashamba ya chai ya mabondeni yalionekana hata ukiwa umeketi kitini. Bonareri alitembea kifua mbele mwezi mzima.

Kisha masika ikaingia. Maji yalituama juu ya paa, yakatafuta nyufa, yakazipata. Mabeseni yalipangwa vitandani. Ukungu ulipanda ukutani, magodoro yakanuka. Odero, mwashi kutoka upande wa ziwa aliyekuja na Nyasani kutoka Nairobi, alipaka lami, na mvua iliyofuata ikaibandua.

Mwanzoni Nyasani alilaumu saruji. Akalaumu mafundi. Mwishowe akawageukia watu wake: "Ninyi hamjui kuishi katika nyumba kama hii."

"Tuezeke mabati tu, Baba Mogaka," Bonareri alimsihi. "Mama anakohoa."

"Mabati? Niifanye ghala la mahindi?"

Nyamusi alihamia jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, alale karibu na moto. Mogaka na wadogo zake wakamfuata, halafu Bonareri. Nyasani alibaki peke yake kwenye zege lake hadi kazi ilipomwita tena Nairobi. Aliondoka akiwaonya wasiguse chochote.

Mwaka wa 1972 kifua cha Nyamusi kilizidi, na kibanda kikawa kinazama upande mmoja. Bonareri alimwendea Odero kule sokoni Daraja Mbili, alikokuwa akijenga vibanda vya wachuuzi.

"Mama Mogaka, mzee ataniua," Odero alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Hiyo nyumba ni yangu pia. Njoo na mbao."

Paa la mabati lilipanda, refu, lenye mteremko mkali. Usiku huo Nyamusi alilala chumbani pakavu, na Bonareri akakaa kando yake akilia, kwa nafuu na kwa hasira ya miaka yote ile.

Nyasani alikuja Desemba. Alisimama barabarani, mkoba mkononi, asiingie. Bonareri alimfuata akijifuta mikono.

"Nani kaivisha nyumba yangu kofia hii?"

"Mimi. Mama yako alikuwa anakufa."

"Ungemtibu. Hukuwa na haja ya kuniua mimi."

Bonareri alimwona mumewe akitetemeka midomo kama mtoto, akamhurumia, kisha akakumbuka yale mabeseni, na huruma ikakauka.

"Basi nenda," alisema.

Akaenda. Hakurudi hadi Nyamusi alipofariki, miaka miwili baadaye. Siku ya mazishi ilinyesha tangu asubuhi. Waombolezaji walijibanza sebuleni, wakinywa chai, mabati yakinguruma juu yao. Nyasani alisimama uani na mwavuli, koti limelowa mabegani. Bonareri alimpelekea kikombe.

"Ingia ndani, watu wanakutazama."

"Nitanywea hapa."

Alikunywa chai iliyokwisha kuchanganyika na mvua, akamrudishia kikombe bila kumtazama, akaondoka kabla kaburi halijafukiwa vizuri. Baadaye wanawake wa kanisani walipomuuliza Bonareri mumewe yuko wapi, aliwajibu kuwa yuko kazini, Nairobi, anajenga.