Nilivyosindikiza Posa ya Deo Nikaanza Habari za Mijusi

Naona aibu hata kuanza, maana waliokuwepo siku ile bado wako hai, na shangazi mmoja wa Runzewe nikimwona sokoni huwa navuka barabara, lakini afadhali muisikie kwangu kuliko kwa Deo, ambaye kila akisimulia anaongeza chumvi mpaka mimi mwenyewe sijitambui.

Deo ni rafiki yangu, ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu kule Mwakitolyo, na mimi ni fundi wa pampu za kutolea maji mashimoni. Alimpenda binti mmoja, Leticia, mwalimu wa chekechea, akaamua kupeleka barua ya posa kwao Runzewe. Mshenga alikuwa baba yake mdogo, Mzee Lusana, mtu wa maneno machache. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, kushika bahasha. Deo, ambaye yeye alikuwa anabaki nyumbani, aliniambia asubuhi ile huku ananiwekea kola sawa, "Mabula, ukiulizwa jina, taja jina. Basi." (Ananijua.)

Tulipokelewa vizuri, shikamoo, marahaba, karibuni, viti vikatolewa uani. Baba wa binti, Mzee Bundala, akasema tusubiri kidogo, kaka yake yuko njiani, hawezi kupokea posa peke yake. Tukakaa. Mzee Bundala kimya, dada yake, yule shangazi, kimya anatupima viatu, Mzee Lusana ndiyo usiseme. Sasa mimi ukimya huniwasha kama upupu. Na wote watatu walikuwa wameligeuzia mgongo rundo la mawe ya msingi, mimi peke yangu ndiye niliyeyatazama, na juu ya yale mawe akatokea mjusi dume, wale wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, akaanza kuinamisha na kuinua kichwa kwa madaha. Mjue pia kwamba niliwahi kumbebea mizigo mtafiti wa mijusi kwenye miamba ya Shinyanga, wiki mbili nzima, na tangu hapo najiona profesa. Nikasema moyoni, nivunje ukimya kidogo tu.

"Mzee," nikasema, "dume akitafuta jike hubadilika rangi."

Mzee Bundala akageuza uso taratibu. "Ehe?"

"Ndiyo, mzee. Mnaweza kumwona asubuhi amepauka, rangi ya vumbi, mkadhani si kitu. Lakini akimwona jike anayemtaka, kichwa kinawaka, mwili unang'aa, mpaka mnajiuliza kama ndiye yule yule."

Mzee Lusana akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. (Baadaye ndipo nilielewa: hawakuwa wamemwona mjusi yeyote, walidhani nimefungua posa kwa mafumbo kama wazee wa zamani.)

"Na huyo dume," Mzee Bundala akauliza akitabasamu, "ana pa kukaa?"

"Tena ana mwamba wake mwenyewe na anaulinda. Akija dume mwingine wanachapana mikia, na anayeshindwa rangi inamtoka hapo hapo."

"Anafaa," akasema shangazi.

Jamani, kusikia "anafaa" kichwa kikanivimba, nikaona hii familia inapenda elimu. "Anafaa sana, shangazi. Kwenye mwamba mmoja anaweza kuwa na majike hata sita."

"Sita!"

"Wote kwa wakati mmoja," nikamhakikishia.

Mzee Lusana akakohoa, akanikanyaga mguu, nami nikamwomba samahani nikadhani ni mguu wangu ulioenda vibaya. Tabasamu la Mzee Bundala lilikuwa limeshapotea, na mimi kwa ujinga wangu nikafikiri wamechoka habari za dume, ngoja nihamie kwa jike, maana mmoja alikuwa ndiyo kwanza anapanda jiwe.

"Hata jike hubadilika," nikasema. "Akishika mimba hawezi kuficha, anatoka madoa ya rangi ya chungwa ubavuni, na dume hamtaki tena. Huyo hapo, mtazameni, tayari anayo."

Nikanyoosha kidole.

Leticia alikuwa anatoka jikoni na sinia la soda, amevaa gauni la rangi ya chungwa (haki ya Mungu, sitanii), na kidole changu kilichokuwa kinaelekea mawe kilimkuta yeye. Sinia likaanguka, chupa zikapasuka. Akashika tumbo kwa mikono miwili, akamtazama shangazi yake.

"Shangazi, umewaambia?"

"Mimi? Sijamwambia mtu!" akasema shangazi, kisha akaziba mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka.

Mzee Bundala hakufoka, na afadhali angefoka. "Kijana, Deo amekutuma uje uniambie hivi?"

"Hapana, mzee, nilikuwa nasema mjusi."

"Mjusi gani?"

"Yule pale." Wote wakageuka, wakakuta mawe matupu, maana chupa zilipopasuka mijusi walitawanyika. Tukasubiri, natokwa jasho, mpaka dume akachungulia kwenye ufa, kahawia tupu kama kipande cha gome.

"Huyo ndiye anayeng'aa?"

"Rangi imemtoka, mzee. Ameogopa."

Akanitazama. "Nawe naona umepauka."

Hapo hapo kaka yake akaingia, akauliza kwa furaha kama wageni wameshasema shida yao. "Wameshasema," akajibu Mzee Bundala, akaingia ndani alikokimbilia binti yake. Tulisikia Leticia analia, kisha sauti ya baba yake, ya chini, "Kwa nini hukuniambia, mama? Ulidhani nitakufanya nini?" Mimi nilitazama vigae vya chupa, sikujua nifanye nini, nikaanza kuviokota.

Mzee Bundala alipotoka macho yalikuwa mekundu. Mzee Lusana akashuka kitini akachuchumaa. "Ndugu yangu, hatukujua, lakini kosa ni la kwetu. Tupige faini, ila usitufukuze."

Mzee Bundala akanigeukia mimi. "Umesema jike mwenye madoa hamtaki tena dume?"

"Mtafiti alisema humfukuza, mzee."

"Basi wa kwetu hajamfukuza. Leteni hiyo bahasha."

Walifunga ndoa, na mtoto wao sasa anatambaa. Niliwahi kwenda kumwomba Leticia msamaha, nikitegemea atacheka, maana wote walikuwa wanacheka. Hakucheka. Aliniambia hata Deo alikuwa hajajua, na kila siku alikuwa akipanga maneno ya kumwambia baba yake. "Nilishukuru lilipokwisha, shemeji," akasema, "lakini lilikuwa langu kulisema."

Nikasema, "Samahani, shemeji," basi, nikaishia hapo, na ndiyo mara yangu ya kwanza. Tangu siku hiyo nimekataa posa mbili na send-off moja, na nyumbani kwa watu ukimya ukiniwasha, najikuna.