Kulipa kwa Simu Kutoka Ghorofa ya Nne

Mara ya kwanza kumwona mtu akilipa kwa simu, nilimpigia kelele za mwizi. Ilikuwa Matemwe, kwenye duka la binti yangu la khanga na viungo, nami nimekaa mlangoni na bakora yangu kama mlinzi asiye na mshahara. Mgeni mmoja, mama wa Kizungu mwenye kofia pana, alichagua khanga mbili, akaisogeza simu yake karibu na kimashine kilichokuwa juu ya meza, kikalia ti!, akaaga na kutoka. Sikuona noti wala sarafu. Nikanyoosha bakora kumzibia njia.

"Bibi! Bibi! Hujalipa!"

Mama wa watu akainua mikono juu. Binti yangu akatoka mbio, ushungi umemteleza.

"Baba, shusha fimbo! Kashalipa!"

"Kalipa nini? Mimi nimekaa hapa hapa nnamwona."

"Kalipa kwa simu."

"Simu ina mfuko?"

Mgeni, alipoelezwa, alicheka na kunipiga picha. Binti yangu hakucheka mpaka tulipofunga duka. Mimi nina ugonjwa huo tangu ujana: mdomo hutangulia, na mwenye mdomo hufuata nyuma kuomba radhi.

Nilikuwa Matemwe kwa sababu ya magoti. Nyumba yangu iko Michenzani, mjini, ghorofa ya nne, katika yale majumba marefu, na jumba letu halina lifti. Siku moja nikipanda na kikapu cha viazi, goti likakataa. Nilikaa chini kwa kishindo, viazi vikaporomoka mpaka mlango wa barabarani, na majirani wakanipandisha wawili huku na wawili huku, kama kabati. Binti yangu akaja siku ile ile, akanichukua. Nilidhani ni kwa wiki moja. Kumbe yeye alikuwa ameshanipakia chokaa chumba cha nyuma.

"Utakaa hapa, baba. Upepo wa bahari, hakuna ngazi, na mimi nakuona."

Chumba kilikuwa kizuri, sitakidhulumu. Lakini Michenzani nimeishi tangu nilipooa, na dirisha langu ninalijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Mke wangu alifia pale. Alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa akishuka sokoni na kupanda na mizigo, na mimi nilikuwa nikichungulia dirishani kumwambia amesahau ndimu, arudi. Leo ningepewa nafasi ningeshuka mimi, hata kwa magoti haya. Basi nikamwambia binti yangu nataka kurudi kwangu.

Alinuna siku mbili. Ya tatu akaja na simu yake ya zamani, ile ya kugusa kwa kidole.

"Tuwekeane ahadi. Nakupa mwezi mmoja. Ukiweza kujinunulia mahitaji yako mwenyewe, bila kubebwa na majirani na bila kusumbua mtu, sitakutajia tena kuhama. Ukishindwa, nakuja na begi, unahamia kwangu, na hatujadiliani."

"Hewala," nikasema, kabla hata hajamaliza.

Akanifundisha kulipa. Wauzaji wa mjini, hata wa barabarani, siku hizi wana kibao kidogo chenye namba na ile picha ya vidoti vyeusi. Unafungua simu, unaielekeza kwenye vidoti, jina la muuzaji linatokea, unaandika kiasi, unaweka namba ya siri, kwisha. "Jina, baba," alinisisitizia. "Kwanza unasoma jina ndiyo unabonyeza." Nikamjibu kwamba nilikuwa karani wa ghala la karafuu miaka yote, sifundishwi kusoma majina.

Niliporudi Michenzani nikagundua jambo lililonifanya nicheke peke yangu. Sisi wa ghorofani tuna vikapu vya kamba. Muuzaji akipita chini unamwita, unateremsha kikapu na noti, anatia kitu chako, unavuta. Taabu ni chenji: noti hupeperuka, au muuzaji hana ndogo, mnabaki kupigiana kelele. Kwa simu, chenji haihitajiki. Siku hiyo muuza samaki wangu alifika. Ni mtu wa kisiwa cha Tumbatu, huvuka alfajiri mpaka Mkokotoni, akapakia tenga lake nyuma ya pikipiki na kuja mjini, na honi yake husikika kabla hujamwona.

"Changu wa leo! Bado wanapumua, wanakuuliza habari, ami!"

"Tia mtungo mmoja! Na kibao chako!"

"Kibao cha nini? Unataka kukipika?"

"Wewe tia!"

Nikavuta kikapu. Changu walikuwa wamelala juu ya kibao, vidoti vimelowa maji ya samaki. Nikakifuta kwa shati, nikakielekezea simu, nikalipa, nikakirudisha chini kikiwa kimekauka. Simu yake ikalia. Akaiangalia, akanitazama juu, akapiga honi mara tatu. Madirisha yakafunguka jumba zima.

"Mzee kalipa kutoka mbinguni!" akapaza sauti jirani yangu wa ghorofa ya pili, bibi mmoja anayepika mikate ya kumimina. "Na mimi ntalipwa hivyo hivyo, au ni kwa wenye samaki tu?"

Baada ya hapo kikapu changu hakikupumzika. Mkate wa bibi yule uliingia humo akiwa ghorofa ya pili na mimi ya nne, yeye akinyoosha mkono tu kutoka dirishani kwake. Kahawa niliipata kwa muuza kahawa wa barazani, mtu mnene mpole ambaye birika lake hukaa juu ya mkaa pale chini tangu jumba lilipokuwa na rangi. Nilimteremshia chupa ya chai, akaijaza, akatia na kashata mbili na kibao chake. Nikanywa kahawa ya baraza nikiwa nimekaa kitandani.

Watu wa barazani walikuwa wakiniita. "Shekhe, shuka tukuone!" Nami nikiwajibu nashuka, nashuka. Sikushuka. Binti yangu alipiga simu kila jioni.

"Umeshuka leo, baba?"

"Nimenunua kila kitu."

Hilo lilikuwa kweli, na nilikuwa nikilisema kwa ujanja. Mwezi ulikuwa umebakisha siku chache. Nilishaanza kujipongeza.

Halafu ikaja asubuhi ile. Muuza samaki alipofika nilikuwa nimeshapata ufundi wa kupita kiasi. Nilikuwa nimegundua kwamba simu inawakumbuka uliowalipa, huna haja ya kusubiri kibao: unabonyeza jina la juu kabisa, malipo yanakwenda. Nilimwambia atie mitungo mitatu, maana nilikuwa na wageni, majirani wa ngazi yetu. Miwani ilikuwa mezani, mbali hatua chache, na mimi nilikuwa nimeshashika kamba kwa mkono mmoja. Nikabonyeza jina la juu. Nikaweka namba ya siri. Nikavuta samaki.

"Ami, haijaingia!" akapaza sauti.

"Imeingia! Mimi huku imeniambia tayari."

"Huku haijaniambia kitu."

"Angalia vizuri."

"Nnaangalia, ami. Kimya."

Madirisha yakaanza kufunguka. Hapo ningeweza kwenda kuchukua miwani. Badala yake mdomo ukatangulia.

"Wewe bwana, nyinyi Watumbatu mnatufanya sisi wa mjini hatujui kusoma?"

Yule kijana, ambaye siku zote alinichagulia samaki wenye macho maangavu, alivua kofia yake akajipepea kidogo.

"Kusoma unajua, ami," akasema. "Basi soma kwenye simu yako umempa nani."

Nikafunga dirisha. Nikasikia pikipiki ikiondoka bila honi.

Wageni wangu walikuja, changu wakapakwa nazi, wakasifiwa. Alasiri ilipokwisha, nikasikia sauti nzito ya muuza kahawa, ambaye asubuhi hiyo hakuwepo, alikuwa amekwenda kumzuru dada yake.

"Shekhe wa ghorofa ya nne! Umenunua birika zima, au nikuletee na mkaa wake?"

"Nini?"

"Umenitumia pesa za harusi! Asubuhi! Nimewasha simu sasa hivi ndiyo naiona!"

Nikavaa miwani. Jina lilikuwa lake, herufi zote, la juu kabisa, kwa sababu jana yake nilikuwa nimemlipa kahawa. Muuza samaki hakuwa na senti yangu hata moja, na samaki wake tulikuwa tumeshawala mpaka vichwa.

Muuza kahawa alizirudisha pesa kabla sijamaliza kueleza. Ningeweza kumtumia muuza samaki palepale, kwa kidole, bila kuinuka. Nilikishusha kidole mara mbili, nikakirudisha. Pesa angepata, lakini lile neno nililomrushia mbele ya jumba zima lingebaki pale chini limekaa na watu. Na nikijitokeza kueleza, bibi wa mikate angejua, na akijua yeye, binti yangu angejua. Siku chache tu zilikuwa zimebaki. Nililala nikiwaza namna ya kuomba radhi kimya kimya, sikuipata.

Asubuhi nikavaa kanzu na kofia, nikashuka. Nilishuka kama mtoto anayejifunza, mguu mmoja kwanza halafu wa pili kwenye ngazi hiyo hiyo. Ghorofa ya pili bibi wa mikate alikuwa mlangoni na unga mikononi.

"Leo kikapu kimekatika?"

"Kimechoka."

"Kaa basi upumue." Akanisogezea kigoda. "Binti yako nimempigia jana. Usinitazame hivyo. Umegombana dirishani, mzee mwenzangu, nami nilimwahidi kumpa habari zako."

Nikapumua, nikaendelea.

Barazani walinipokea kwa vifijo. Mmoja akauliza kama nimekuja kwa parachuti. Nikasimama karibu na nguzo, nikasubiri. Honi ikasikika. Muuza samaki akasimamisha pikipiki mahali pake pa siku zote, akanipa mgongo, akatazama juu kwenye dirisha langu lililofungwa.

"Mzee wa kikapu!" akaita. "Leo unalipa, au unasoma?"

"Niko hapa," nikasema nyuma yake.

Aliruka nusura aangushe tenga.

"Ami! Miguu unayo kumbe!"

"Nimekukosea, mwanangu. Pesa nilimpa muuza kahawa. Na lile neno la Watumbatu, nakutaka radhi."

Akatingisha kichwa.

"Jana ulilisema kwa sauti ya adhana. Leo unaninong'oneza sikioni. Sema kwa sauti ile ile ya jana."

Baraza zima likapiga makofi. Nikavuta pumzi, nikainua uso kwenye madirisha.

"Jamani wa Michenzani! Huyu bwana si mwongo! Nilikosea kwa sababu sikuvaa miwani!"

"Miwani haikumtukana!" akapaza bibi wa mikate kutoka juu.

"Nilimtukana mimi!" nikapaza. "Mimi, wa ghorofa ya nne! Na nimewala samaki wake bure!"

Muuza samaki alicheka mpaka akashika usukani wa pikipiki. Akanipa kibao. Nikavaa miwani, nikasoma jina lake kwa sauti, akaitika "Naam!" kama mwanafunzi darasani, nikabonyeza. Simu yake ikalia mfukoni.

Ndipo nikasikia nyuma yangu: "Shikamoo, baba."

Alikuwa amesimama kando ya barabara na begi kubwa tupu. Sijui alikuwa amefika tangu lini, ila macho yake yalikuwa mekundu na mdomo ulikuwa ukipigana usicheke.

"Marahaba. Umesikia?"

"Matemwe wamesikia."

"Basi nimeshindwa," nikasema. "Ahadi ni ahadi. Nipe dakika nikakusanye nguo."

Akatazama ngazi, akatazama magoti yangu.

"Nani amekushusha?"

"Hakuna."

"Peke yako? Ghorofa nne?"

"Alipumzika kwangu!" ikaja sauti ya ghorofa ya pili. "Kidogo tu! Usimhesabie!"

"Mwezi mzima nakuuliza umeshuka, unaniambia umenunua," binti yangu akasema. "Mimi nilikuwa naogopa uugue huko juu peke yako mpaka ufe, sisi tuone pesa zinatoka tu tudhani u mzima."

Hapo sikuwa na mzaha. Nikamwambia ukweli: kwamba tangu niliporudi nilikuwa sijakanyaga chini hata siku moja, na kwamba kama nisingemtukana mtu ningekuwa bado niko juu.

Akamgeukia muuza samaki. "Kaka, unapita hapa kila siku?"

"Ila Ijumaa, dada."

"Nipe namba yako. Si ya kulipia, ya kuzungumza. Mzee huyu akitaka samaki, ashuke. Asiposhuka usimuuzie, nipigie mimi."

"Na akiteremsha kamba?"

"Ifunge kwenye pikipiki uondoke nayo."

Baraza likacheka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimeachwa nyumbani kwangu.

Muuza kahawa akatumiminia finjani. Muuza samaki, aliyeona begi tupu, akaanza kumsifia binti yangu tasi wake, wa kupeleka nyumbani.

"Niende na samaki Matemwe, kwa wavuvi?" binti yangu akauliza. "Watu watanicheka mpaka ufukweni."

"Waambie wa kutoka mjini, dada. Wana adabu zaidi."

Binti yangu akanunua mkate wa kumimina tu, ukaingia begini, na akakataa katakata kunisindikiza ngazini. Alitaka anione nikipanda mwenyewe. Nilipanda polepole, nikisalimiana na kila mlango, maana wote walikuwa na la kusema. Nilipofungua dirisha langu, alikuwa bado amesimama pale chini kandokando ya tenga la samaki, mkono juu ya macho kuzuia jua, akihesabu madirisha kwa kidole, na amekosea, anamwangalia mtu wa ghorofa ya tatu. Ikabidi nimwite kwa sauti.