Asiye na Gari Anyooshe Mkono

Juzi nilipita ofisi ya kata, Zinga, nikakuta watu wamejaa barazani. Afisa kijana kutoka wilayani alikuwa akikusanya maoni: je, kaya isiyo na gari ipunguziwe kodi ya jengo, maana haichakazi barabara wala haitoi moshi?

"Haya, asiye na gari anyooshe mkono."

Nilidhani tutanyoosha karibu wote. Hakuna aliyenyoosha! Kina mama wakatazamana, kisha mmoja akaelekeza kidevu kwa mzee mwenye duka, aliyekaa pembeni.

"Gari letu ni lile la mzee. Mjamzito akishikwa na uchungu, tunambishia hodi. Kwenye harusi linabeba bibi harusi, kwenye msiba linabeba masufuria. Tukisema hatuna gari, mwanangu, si tutakuwa tumedanganya?"

Afisa akacheka, akamgeukia mzee. "Shikamoo, mzee. Kumbe wewe ndiye mwenye gari?"

"Marahaba." Mzee akanyoosha mkono taratibu, peke yake. "Niandike mimi. Sina gari. Leo nimekuja kwa miguu. Lenyewe liko Kaole kwenye harusi ya mtu nisiyemjua, na mafuta nimetia mimi."

Baraza zima likaangua kicheko.

Nikiulizwa mimi, nafuu hiyo ianze na yule mzee, maana hapa Zinga hakuna mwingine anayeishi bila gari. Nilitaka kulisema hilo palepale, lakini nikameza maneno yangu. Jumamosi namwoza binti yangu, na gari bado sijaliomba.