Kona ya Wageni

Mzee Katisi amekaa Segerea miaka hamsini na bado ni mgeni. Alikuja kutoka Alabama mwaka wa sabini na nne, fundi pampu mwenye nywele nyingi na Kiswahili cha maneno kumi, enzi zile Waamerika weusi kadhaa walipoamua kuja kuijenga nchi waliyoiona ni yao. Wengi walirudi. Yeye akamwoa Bupe wa Tukuyu, akapata watoto wanne, wajukuu tisa na kisukari.

Kosa la majirani ni ukarimu. Msibani, akishika jembe naye achimbe kaburi, wanamnyang'anya kwa upole na kumwambia mgeni apumzike. Kwenye kikao cha mtaa kila mtu hufokewa kuhusu takataka isipokuwa yeye, na takataka zake ni nyingi tu. Sasa mtu atagombana vipi na watu wanaomheshimu kiasi hicho?

Mwaka huu shule ya msingi ya mtaa inatimiza miaka hamsini, ikaamuliwa historia yake iandikwe ukutani. Mzee Katisi alikwenda kuisoma kabla ya sherehe. Ilianzia mlangoni, ikaenda mwaka kwa mwaka mpaka dirisha la mwisho: nani alitoa shamba, nani alifyatua matofali. Kwenye mstari wa kisima cha shule, wachimbaji waliandikwa "wananchi" tu. Jina lake alilikuta nyuma, karibu na vyoo, chini ya maneno Wageni Waliotusaidia, pamoja na shirika moja la Norwe na kampuni ya biskuti. Lilikuwa la rangi ya dhahabu.

Ilimuuma. Siku tatu hakula vizuri, mpaka Bupe akamwambia aende akaseme au anyamaze moja kwa moja. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mwinshehe, ambaye walichimba naye kisima hicho wakiwa vijana.

Mwinshehe alishangaa. Alieleza kwamba rangi ya dhahabu wamepewa wageni peke yao, wengine wote wameandikwa kwa nyeusi.

"Nilipokuwa mtoto," Mzee Katisi alisema, "tulisoma historia ya Amerika mwaka mzima. Watu wetu weusi walikuwa na wiki moja, mwezi wa pili. Wiki nzuri, yenye nyimbo. Halafu tunarudi kwenye historia. Babu yangu alitandika reli, Mwinshehe. Reli ilikuwemo kitabuni, yeye alikuwemo kwenye wiki. Sikuvuka bahari nije nipewe kona."

Mwinshehe akasema kama ni hivyo, basi yataandikwa yote.

Jumamosi mwalimu Avelina, msimamizi wa ule ukuta, alimpigia simu, akamwamkia, akamwomba afike kabla rangi haijakauka. Alisikika kama mtu anayeogopa lawama. Alipofika alikuta, kwenye mwaka wa sabini na tano, kwa rangi nyeusi kama ya wengine, pameandikwa: "Katisi alibishana na wenzake kuhusu mahali pa kuchimba. Kisima kikatoa maji ya chumvi." Chini yake: "1976. Katisi, Mwinshehe na wenzao walichimba kingine. Ndicho tunachotumia."

Avelina alisema mwenyekiti ndiye aliyeshikilia yaandikwe hayo, ila ule mstari wa chumvi anaweza kuufuta, kwa heshima ya mzee.

Mzee Katisi aliusoma tena. Ilikuwa kweli. Alibishana siku nne nzima mpaka wakamkubalia, na alikosea. Machozi yalimtoka mbele ya mwalimu, wala hakujali.

"Usiufute, mwanangu," alisema. "Ila ongeza hapo hapo jina la Mwinshehe. Siku zile nne yeye peke yake alikuwa upande wangu."