Goti Langu na Nyani wa Ngoma

Mama mkwe wangu alinisindikiza kliniki ya masikio kutoka Makorora, na njia nzima kwenye bajaji alikuwa na neno moja: "Kwetu hatuna kiziwi." Hakusema kwa nani wapo. Nilimpakata binti yangu nikatazama barabara, maana nilikuwa nimejisifia sana kwamba mwanangu mpole, bodaboda zinapiga honi dirishani na yeye kalala tu.

Kijana wa vipimo alimwamkia mkwe shikamoo, akamwomba asubiri nje kwenye benchi. Mimi akanikalisha katikati ya chumba, mtoto mapajani. Kulia na kushoto palikuwa na spika, na juu ya kila spika sanduku la kioo cheusi. Mtoto akiigeukia sauti, alinieleza, taa itawaka sandukuni na nyani wa kuchezea atapiga ngoma. Tukijua leo anachosikia, atapata vifaa vya masikio mapema, ajifunze kuongea. Kazi yangu mimi ni kutulia.

Sauti ya kwanza ilitoka kulia. Mwanangu alikuwa anachezea kifungo cha baibui langu. Ya pili, bado kifungo. Nje mkwe akakohoa. Basi ilipolia ya tatu nikamsukuma kidogo kwa goti, akaelemea kulia, akageuka. Nyani akapiga ngoma, mtoto akacheka, nami nikajiona mjanja. Tukaenda hivyo, kulia, kushoto, hata kwa visauti ambavyo mimi mwenyewe nilivisikia kwa shida.

Kijana akatoka nyuma ya mashine yake, akanivalisha hedifoni kubwa zinazopiga taarabu. "Samahani, mama. Hizi ni ili wewe usisikie."

Uso uliniwaka. Heri angenifokea, ningemjibu, mdomo ninao. Lakini alisema kwa upole na heshima, nikaona aibu kama mtu aliyekutwa anadokoa nyama kwenye jiko la watu.

Sikujua tena sauti inatoka lini, goti likatulia. Binti yangu akatazama kulia. Akatazama kushoto. Masanduku yote meusi. Kisha akainua kiganja akanipiga gotini, akamtazama nyani, akasubiri. Akanipiga tena, kwa nguvu zaidi. Taarabu ilikuwa imejaa masikioni, hata kofi la mwanangu sikulisikia.

Nikazivua hedifoni. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Tuanze upya, kaka," nikamwambia. "Zile zote nilisikia mimi."