Shangazi Kwenye Usaili wa Thuwaiba

Mwalimu Thuwaiba wa mtaani kwetu Mabawa amefundisha Kiingereza miaka kumi na tisa, na bado shule moja ya Maskati ilimtaka athibitishe kwamba anakijua. Hakununa. Alifanya mtihani wao akafaulu, akatuma shahada na cheti cha ualimu, akaenda polisi kuchukuliwa alama za vidole, yeye ambaye kosa lake kubwa ni kuazima ungo wangu na kusahau kuurudisha. Aliitaka kazi hiyo kweli kweli, maana mwakani angepita umri wa mwisho wanaoukubali.

Ikabaki kusailiwa kwa simu ya video. Mimi jirani nikapewa kazi ya kuishika simu. Nilimkuta Bi Mwatumu, shangazi yake aliyemlea, amejifukiza udi na kuketi mkekani kama anayepokea posa.

Msaili, mama wa Kiomani, alimwuliza kwa Kiingereza yeye ni mwalimu mzuri kiasi gani.

Hapo ndipo watu wa pwani tunapojiharibia. Mwenye adabu hajisifu. Thuwaiba akainamisha macho, akajibu kwamba anajaribujaribu tu. Nilitamani kumfinya. Akaulizwa kama anaweza kufundisha wasiojua hata neno moja. Akasema Mungu akijalia. Yule mama akaandika kitu, kifupi sana.

Bi Mwatumu hakuvumilia. Kwake yeye binti hajisemei mbele ya wanaokuja kumchukua. Wakubwa wake wapo. Akauingiza uso wake kwenye simu.

"Shangazi, tafadhali," Thuwaiba akanong'ona.

Nami nikajua kazi imekwenda na maji. Kumbe bibi akafungua kinywa, akasema kwa Kiingereza, polepole, neno baada ya neno: "Mimi sikuingia shule hata siku moja. Huyu amenifundisha mwaka mzima, kila Ijumaa."

Ukuta kwa ukuta tunaishi, na sikuwa na habari. Msaili akaweka kalamu chini, akamwuliza Kiingereza cha nini katika umri ule.

"Mkimchukua," akajibu, "nitapiga simu hapo shuleni kwenu. Nitauliza kama amekula."

Thuwaiba akageukia ukutani. Mama wa Maskati akaanza kumtajia bibi namba ya simu ya shule, tarakimu moja moja, na Bi Mwatumu akawa anazirudia.